Maji ya Nungunungu

Bomba la uani kwangu likivuja, tone moja moja juu ya saruji, mimi siwezi kukaa. Nina matangi matatu ya maji, ndugu zangu, nimeyajenga kwa mikono hii, mimi niliyeacha shule darasa la tatu. Nusu ya kijiji chetu cha Makote huchota kwangu. Lakini tone lile likigonga, pamoja na ukubwa wangu wote, namkumbuka nungunungu.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge, nyumbani tumebaki mimi na mama na shamba la muhogo, ambalo nungunungu alilifukua kana kwamba amelilima yeye. Zamani mnyama akinaswa shambani alipigwa kwa fimbo au aliwashiwa moto shimoni, na sisi watoto tulishangilia. Jumbe akapiga marufuku kutega wanyama. Mama akaenda kuomba ruhusa, akapewa kwa sharti: atege kizimba, mnyama apewe kivuli na maji, taarifa ifike Newala, askari wa Bwana Nyama, mkuu wa wanyamapori, aje ammalize kwa risasi moja. Mama akaahidi mbele ya wazee. Alikuwa mwanamke pekee aliyepewa ruhusa ile, na wengi walisubiri aharibu.

Asubuhi moja ya kiangazi tukamkuta ndani. Akatugeuzia mgongo, akatikisa miiba, ikalia kama kunde kavu kwenye ungo. Mama akafunika kizimba kwa matawi ya mkorosho, kisha akanikabidhi kibuyu. Maji yale alikuwa ameyapandisha jana yake kutoka bondeni, safari ya tangu alfajiri hadi jua la utosi.

"Nusu yako, nusu yake," akasema. "Mmiminie kidogo kidogo kwenye kifuu. Nakwenda Newala kumleta askari."

Jirani yetu, Baba Hamisi, akapita na jembe begani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mama Chilumba, ndiyo nini hii? Kesho si utamtandikia mkeka?"

"Ningekuwa na wa ziada ningemtandikia."

"Anakufa leo leo huyu! Maji ya nini?"

"Basi afe hana kiu," mama akasema, akashika njia.

Nusu yangu niliimaliza jua halijapanda. Nikaonja nusu yake. Nikaonja tena. Nilijiambia mnyama wa porini amezoea kiu. Joto lilipozidi nikavuta na yale matawi, nikajifunika mimi. Miiba ililia, ikalia, halafu ikanyamaza. Nami nikafurahi kwamba kelele zimekwisha.

Alasiri mama akarudi na askari. Askari akachungulia, akashusha bunduki.

"Huyu kafa zamani. Alipewa maji?"

"Amekunywa yote," nikasema.

Akakitoa kifuu kizimbani, akakipuliza. Vumbi likaruka. Hakunitazama mimi, alimtazama mama.

"Mama, ulimwahidi nini jumbe?"

"Kosa ni langu," mama akajibu.

Kizimba kilivunjwa siku ile ile, na ruhusa ikaishia hapo. Nungunungu wengine wakatumalizia muhogo, sisi tukachimba mizizi ya ming'oko porini hadi mvua za kwanza. Baba Hamisi kila akipita: "Mama Chilumba, mgeni wako aliamkaje?" Mama alikuwa akiinamisha kichwa, yeye aliyekuwa hajui kuinama.

Jioni ile nilisubiri fimbo. Haikuja. Mama alikiokota tu kibuyu, akakitikisa mara mbili sikioni, akakilaza chini taratibu. Nikaona ananisuta, nikamchukia kidogo.

Miaka mingi baadaye lori langu, la kwanza kununuliwa na mtu wa kijiji chetu, lilikufa njiani karibu na Newala, nikarudi Makote kwa miguu juani. Nilifika ulimi umenata. Ndipo nikakumbuka kwamba nyumbani kwetu kibuyu kilikuwa kimoja, na siku ile mama alituachia sisi wawili, mimi na nungunungu. Alikwenda na kurudi bila hata tone.

Hakuwa akinisuta. Alikuwa anatafuta funda moja.