Betri ya Wifi Yangu

Mhariri, jina langu lifiche vizuri, maana huku Nchelenge gazeti moja linasomwa na nyumba kumi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nina watoto wawili, na kazi yangu ni kukausha chisense, dagaa wadogo wa ziwa letu. Mume wangu anavua Mununga, anarudi mara moja kwa mwezi. Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni dada yake. Simpendi, niseme ukweli mapema.

Alikuja kutoka Lubumbashi na televisheni, video na betri ya gari. Wanangu wakahamia kwake. Wakitoka shule hata sare hawavui, wanakaa mbele ya kile kioo mpaka giza. Binti yangu ana mtihani wa darasa la saba mwaka huu, na daftari lilikuwa halifunguliwi wiki nzima. Nikaenda kwa heshima, nikamwomba wifi awe anazima saa kumi. Alinicheka mbele ya wageni.

"Batoto banapenda kwangu. Kwako kuko nini? Kuko harufu ya samaki tu!"

Nikarudi kwa samaki wangu. Siku moja nikawaachia watoto chisense niliowatandaza mchangani, nikaenda sokoni Kabuta. Mvua ikanyesha. Huku kwetu hata mtoto wa miaka mitano akiona wingu anazoa samaki kwanza, lakini wangu hawakuliona, walikuwa kwa shangazi yao. Wifi aliiona mvua. Alifunga dirisha ili televisheni isilowane! Nilikuta kazi ya wiki nzima imekuwa uji, nikaapa nitamkomesha.

Betri yake inajazwa kila siku kwenye mashine ya kusaga unga, na anayejaza ni mdogo wangu. Nilimwambia aijaze kidogo tu, itoshe saa moja.

"Yaya, akijua?" akaniuliza, maana mimi ni dada yake mkubwa.

"Atajua namna gani? Betri iko na kinywa?"

Basi kila jioni picha ikinoga, inasinyaa, inazima. Nakaa mlangoni nachambua samaki, namsikia wifi akigonga televisheni, na moyo wangu unapoa kabisa. Watoto walirudi wamenuna. Baada ya wiki chache madaftari yakafunguliwa, na sasa wakiangalia ile saa moja wanaondoka wenyewe, hata hawaitwi.

Sasa sikieni. Jumapili iliyopita kanisani, mama mkwe wangu alimshukuru wifi kwa kuwafunza watoto kiasi. Yule mwanamke akasimama, akarekebisha kitambaa kichwani.

"Ni miye njo nilibawekea saa. Mama yabo alishindwa."

Eti yeye ndiye aliyewapangia saa! Watu wakapiga makofi. Binti yangu naye akapiga.

Nikisema ukweli, mdogo wangu anapoteza kazi. Lakini iko njia nyingine, tamu zaidi. Wiki ijayo mama mkwe anakuja kukaa kwa wifi. Betri ikijazwa mpaka juu, ataona kwa macho yake kama huyo binti yake anajua kuzima. Ataumbuka, nami nitakuwa mlangoni nachambua samaki. Ila mtihani umebaki wiki mbili.

Mdogo wangu ameniuliza tena leo: "Yaya, nijaze ya saa moja ao nijaze yote?" Nikimwona binti yangu ameinamia daftari, nasema basi. Nikimsikia wifi anaimba nyuma ya ukuta, nasema jaza. Nishaurini upesi, mama mkwe anafika Jumatatu, na wifi anaifuata betri asubuhi hiyo hiyo.