Kadi ya Soipan Haionekani

Kavutha alisoma orodha mara ya tatu, kidole kikishuka jina kwa jina juu ya kioo cha kompyuta. Majina mia mbili na kumi. La Soipan halikuwepo.

Miaka kumi na minane alikuwa ametunza kadi za ubatizo za kanisa lao pale Kitengela, na hakuwahi kupoteza hata moja. Lakini mwezi uliopita, baada ya kuskani zote na kuziweka kwa kompyuta, alichoma zile za karatasi kwa sababu mchwa walikuwa wamezila. Alizichoma mwenyewe, nyuma ya jiko la kanisa.

Sasa Nailantei, mamake Soipan, alikuwa ameketi kwa benchi akingoja. Kesho msichana alitakiwa Kajiado kwa mambo ya kitambulisho, na karatasi ya pekee yenye tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa hiyo kadi.

"Dada Kavutha, si ulisema hiyo mashini inasoma yenyewe?"

"Inasoma, Mama Soipan. Ngoja kidogo."

Moyoni aliomba: Bwana, nisiwe nimemchoma mtoto wa wenyewe.

Alimpigia Ojwang, fundi aliyemwandikia programu fupi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, ya kusoma folda ya kadi na kutoa orodha ya majina ya faili, kila faili ikiwa na jina la mtoto mmoja.

"Mathe, mbona unapumua hivyo? Umefukuzwa na ng'ombe?"

"Ojwang, jina haliko. Nimechoma karatasi."

Ojwang akaacha mzaha. "Kuna folda zingine ndani ya hiyo folda?"

"Ziko," Kavutha akasema, akashika kichwa. Alipokuwa akiskani, kadi za familia zilizohama na mifugo mwaka wa ukame alizitenga, kila malisho na folda yake: Illasit, Namanga, Bissil. Akina Soipan walienda wapi mwaka ule, hakukumbuka.

"Basi ndio hiyo," Ojwang akasema. "Ile programu ya kwanza inaishia mlangoni, haiingii vyumbani. Nakutumia nyingine, inapita kila chumba."

Ilipofika, aliiendesha akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, majina yalikuwa yanateremka, na chini ya Illasit, Soipan. Lakini jina si kadi. Aliifungua faili, na picha ya kadi ikaja polepole, huku akiogopa kuona weupe mtupu. Ikatokea tarehe. Ukatokea muhuri.

"Iko," alisema, akaigeuza kompyuta upande wa benchi.

Nailantei alisimama akaitazama, kisha akamtazama Kavutha usoni.

"Chapa mbili. Moja nitaficha kwa sanduku langu. Hiyo mashini yako mimi siiamini."

Kavutha akachapa tatu.