Ngoma za Baba Zilizovishwa Mpira wa Baiskeli

Sisi tuliokulia kwenye kambi za mkonge enzi za Mwingereza tuliamshwa na kipande cha reli. Nyapara alikigonga kabla jua halijachomoza, na kambi nzima ikaamka kwa pamoja: watoto, kuku, moshi wa kuni. Siku hizi wajukuu zangu wana simu zenye milio ishirini ya kuamshia, na bado shule wanachelewa. Tulikunywa uji wa muhogo usio na sukari, tukaenda shule pekupeku, na mchana tulicheza rede kwa mpira wa matambara. Harufu ya mkonge uliosagwa, ile kali inayowasha pua, ilituingia kwenye nguo na nywele mpaka tukaacha kuisikia.

Kambi yetu ilikuwa nje kidogo ya Korogwe. Nyumba zilikuwa za safu ndefu, kila familia vyumba viwili, sakafu ya saruji. Baba alikuwa Mzigua wa Handeni, akifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Hakuwa msemaji, lakini vidole vyake havikujua kutulia. Akisubiri chakula aligonga meza. Akizungumza na mtu aligonga goti lake mwenyewe. Kwa hiyo mpiga dramu wa bendi ya kambi alipohamia Tanga, Bwana Zakaria, kiongozi wa bendi na mpiga tarumbeta, hakutafuta mbali. Alimwambia baba kwamba imebaki miezi miwili kufika dansi la Idi pale Korogwe, na dramu sasa ni zake. Paa la stoo lilikuwa linavuja, basi zikaletwa kwetu: ngoma kubwa ya kukanyagwa kwa mguu, ngoma ndogo yenye nyaya kwa chini, nyingine ya kati, na toazi moja juu ya mguu wa chuma. Chumba cha mbele kilijaa, tukawa tunapita kwa ubavu.

Siku nne baba alipiga kila mchana akitoka kazini, na watoto wa kambi wakajazana mlangoni. Siku ya tano mama alianguka kisimani.

Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Baada yangu mimi alikuwa amepoteza mbili, nami nilikuwa na miaka tisa, bado mtoto wa pekee. Dresa, yule mganga msaidizi wa hospitali ya shamba, alimpima, akasema mimba ipo, lakini alale, asinyanyue hata sufuria, na asishtuliwe. Hilo la mwisho alilisema akiziangalia ngoma. Alipoondoka tu, baba alizisukuma ukutani, akazifunika mkeka, vijiti akavipandisha juu ya kabati. Bibi, mama yake baba, akaja kutoka Handeni kutupikia. Nyumba ikawa kimya kama shule wakati wa likizo.

Wiki nzima ikapita. Vidole vya baba navyo vilinyamaza. Alikula ugali wake mikono imelala mapajani, na nadhani hilo ndilo lililomtisha mama. Siku moja aliniita kitandani, akaniuliza baba amemwambia nini Bwana Zakaria. Nikamwambia nilichosikia, kwamba amemtumia salamu atafute mtu mwingine.

Mama alitazama ukuta kidogo. "Mimi nilitaka ngoma zinyamaze," alisema. "Sikutaka baba yako anyamaze. Kamwite."

Baba hakukubali. Alisema dansi lipo kila mwaka, mtoto hayupo kila mwaka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia.

"Baba Mwajuma, zile mbili nilizibeba kwenye ukimya, na hazikukaa. Usiniachie ukimya tena."

Baba alitoka nje, akasimama uani kitambo. Aliporudi alivishusha vijiti, akanituma kwa Bwana Zakaria nikamwambie asitafute mtu.

Basi kazi ikaanza. Bibi ndiye aliyetangulia, maana huko kwao alikuwa mchezaji ngoma mashuhuri, ingawa hizi za kizungu alizidharau kwa kuwa hazipashwi moto kukaza ngozi. Alitoa blanketi lake la safari, wakalikunja ndani ya ngoma kubwa mpaka likagusa ngozi. Mlio ukafa, ukabaki kama mtu anayepiga mto kwa ngumi. Ngoma ndogo wakaifunika kanga, lakini kijiti kiliangukia pale kikalala, baba akasema ni kama kupiga ugali. Tukamwendea Bwana Kanji, Mhindi mwenye duka la baiskeli mjini, kumwomba mpira wa ndani wa tairi uliochakaa. Alituuliza wa nini. Baba alimweleza yote, hata habari ya mama, jambo ambalo si kawaida yake. Bwana Kanji alichukua mkasi, akakata duara mbili mwenyewe kwa uangalifu kama fundi cherehani, akaongeza ukanda mwembamba wa kuvishwa kwenye ukingo wa toazi. Juu ya mpira ule kijiti kiliruka vizuri, na mlio wake ulikuwa tap, tap, basi.

Tulidhani tumemaliza. Mimi nilipewa kazi ya kusimama kwenye mlango wa katikati: mama akisikia kitu, mimi ninyooshe mkono, na baba aache. Alipokanyaga ngoma kubwa mara ya kwanza, mama akatikisa kichwa. Masikioni hasikii, alisema, ila anasikia mgongoni. Mdundo ulikuwa unapita kwenye saruji, unapanda miguu ya kitanda. Baba alikaa akafikiri. Kesho yake alirudi na magunia mawili aliyoyajaza zile nyuzi fupi za mkonge zinazotupwa, akayalaza chini, akaziweka ngoma juu yake. Akakanyaga. Nikamtazama mama. Akasema hasikii kitu.

Hivyo ndivyo baba alivyofanya mazoezi, kila mchana, mimi mlangoni. Mkono wangu haukunyanyuka hata mara moja. Lakini siku moja nilitazama chini ya shuka, nikaona kidole gumba cha mguu wa mama kinacheza, kinafuata mapigo bila kukosea. Alinikamata nikimtazama. Aliweka kidole mdomoni, nami sikumwambia baba.

Siku ya Idi ilifika. Mama alibaki kitandani na jirani; Bibi akanipeleka Korogwe, tukasimama kwenye dirisha la ukumbi na watoto wengine kutazama wakubwa wakicheza, wanaume kwa kanzu na makoti, wanawake kwa kanga mpya. Ngoma zilikuwa zimevuliwa kila kitu. Baba alipiga pigo la kwanza, na mlio wake mwenyewe ukamshtua. Niliona mabega yake yakipanda. Aliacha kabisa, bendi nzima ikapotea, akawa anatafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Akaniona dirishani. Mikono yangu ilikuwa chini. Niliiacha chini.

Akaanza tena, pole pole, kwa mkono mwepesi kama anayempiga mtoto mgongoni alale. Bwana Zakaria akalazimika kuteremsha sauti ya tarumbeta lake, maana angemzima mwenzake. Baadhi ya vijana walinung'unika kuwa dansi gani hili la kunong'ona. Lakini watu wazima walisogeleana, na kwa mara ya kwanza nikasikia viatu vya wachezaji vikifuta sakafu. Bwana Zakaria alimwambia baba baadaye kwamba anapiga kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Baba akamjibu kuwa ni kweli anaye.

Masika yalipoanza mama alijifungua mtoto wa kike, mzima, na baba akamwita Rehema. Siku hizi Rehema ni bibi huko Makuyuni, na sauti yake ya kuita mbuzi inafika kijiji cha pili. Baba na mama wamelala Handeni, jirani kama walivyoishi.

Mwaka jana nilimtembelea mjukuu wangu Segera. Naye anapiga dramu, ila zake ni sahani za plastiki zenye nyaya, na mlio unaingia masikioni mwake tu. Chumbani hakusikiki ila tap, tap. Nikamsifu kwa adabu yake kwa majirani. Akaniambia, "Hapana bibi, majirani siwajui. Nazipenda tu hivi." Akanivisha vile vidude vya masikioni nisikilize. Ni ngoma nzuri kweli, kubwa, safi, mwili ulinisisimka. Nilitaka kumwambia jambo, nikaona ameshavivaa tena. Mama yake alikuwa jikoni anamwita kula, mara ya tatu sasa, naye anapiga, kafumba macho, hasikii.

Nikainuka mimi, nikaenda kusimama kwenye mlango wa chumba chake, mkono nimeunyoosha, ningoje afumbue macho.