Furungu Lililokataa Kutoka

Niseme mwenyewe kabla hujasikia kwa watu: nikiwa darasa la tano nilivaa furungu la bi harusi, na likakataa kutoka. Furungu ni ile bangili nene ya fedha ya mguuni, ambayo bibi zetu wa pwani walitembea nayo mtaa mzima ukajua nani anapita. Hakuna aliyenituma. Nililivaa kwa sababu wenzangu walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa, akili huwa inatoka nje kupunga upepo.

Haya yote yamenirudia juzi. Mama alinituma kwa shangazi Bagamoyo, nikapita makusudi kwenye ile nyumba ya ghorofa moja ya mji mkongwe. Zamani, maana miaka minne kwangu ni zamani, chini palikuwa na karakana ya masonara na juu makumbusho ya mavazi. Sasa chini wanauza kava za simu. Nikasimama mlangoni kama mtu aliyeleta posa akasahau jina la binti. Muuzaji akaniuliza, "Oya mwanangu, simu gani?" Nikamwambia naangalia tu. Kweli nilikuwa naangalia, ila si kava.

Siku ile tulitoka Lugoba alfajiri, na hadi jua linachomoza chapati za safari zilikuwa zimeshaliwa. Mwalimu wa historia alitupanga mstari nje ya karakana. "Msiguse kitu. Msiniaibishe." Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe, wewe pumua tu."

Rafiki yangu, ungeisikia ile karakana! Nyundo ndogo saba au nane, kila moja na mwendo wake, tik-tik-tik, kama mvua inayoanza kwenye bati. Walikuwa wanatengeneza vijiko, sinia, vyetezo vya kufukizia udi, na mirashi ya kunyunyizia wageni marashi. Kwenye kona, sufuria la ukwaju lilikuwa linachemka, na ndani yake vijiko vya fedha vilivyotoka motoni, vyeusi kama vilivyookotwa jalalani. Vikaingia vyeusi, vikatoka vyeupe. Mate yalinitoka kwa ule ukwaju mpaka nikaona aibu kutamani maji ya kuoshea vijiko. Fundi mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipa kimoja nijitazame. Nikajiona kichwa chini miguu juu. "Usikigonge ukiwa na hasira," alituambia, akikichukua. "Kijiko kinakumbuka."

Tukapanda juu. Kule kulinukia udi na dawa ya nondo. Kanzu za mabwana wakubwa, majoho yenye nyuzi za dhahabu, suruali za marinda, kanga zilizofifia mpaka maandishi hayasomeki. Katikati alisimama bi harusi wa mbao asiye na kichwa, na miguuni pake, juu ya mto mwekundu, mafurungu mawili. Mtunzaji akatueleza kwamba yale si ya makumbusho. Yaliazimwa kwa bibi jirani, aliyavaa mama yake siku ya harusi, na Ijumaa ile ile mjukuu wa bibi angeolewa nayo. Nilisikia vizuri kabisa. Sina cha kujitetea.

Mwalimu akatoka kwenda kupokea simu, mtunzaji akamfuata kumwonyesha penye mtandao. Rafiki yangu wa dawati akaninong'oneza, "Huwezi."

Basi hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Nikavua kiatu na soksi, nikachongoa vidole, nikasukuma. Likapita. Nikajitupia kanga kichwani, nikazunguka chumba kwa madaha huku nikidondosha macho chini. Darasa likalia kwa kicheko, mpaka hatua za mwalimu zikasikika kwenye ngazi. Nikavuta furungu. Likagoma. Nikavuta tena. Likagoma kama punda wa sokoni.

Mwalimu akauona mguu wangu, akanishika mkono. Nikateremshwa karakanani nikirukaruka. Mafundi wakanipaka sabuni, wakanipaka mafuta ya nazi, wakavuta, mguu ukavimba na kuwa mwekundu. Nyundo zote zikanyamaza. Fundi mkuu akatafuta msumeno mwembamba, akaushika, lakini hakuuleta karibu. "Nikilikata nitaliunga," alisema polepole. "Ila Ijumaa bi harusi atavaa kiraka." Hapo ndipo utani uliponiisha. Nikamwona yule bi harusi nisiyemjua anatembea na kovu langu mguuni.

Bibi mwenyewe akaitwa. Alikuja na mtandio mwepesi begani, mdogo, mkavu, anatembea haraka. Alikuwa kungwi, kazi yake tangu ujana ni kuwapamba maharusi na kuwafunda.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, bi harusi. Mbona unalia, mume hukumtaka?"

Mafundi wakainamisha nyuso. Bibi akakaa kwenye kigoda, akaupakata mguu wangu, akaubonyeza. "Weka msumeno wako, fundi. Mguu haujanenepa huu, umeogopa. Kila bi harusi hukaza hivi." Akaanza kupenyeza ncha ya mtandio kati ya furungu na kisigino, huku ananihoji mbele ya darasa.

"Unajua kupika nini, mwari wangu?"

"Chai, bibi."

"Na nini tena?"

"Na... chai ya rangi."

"Haya! Mume katoka kazini ana njaa, kapewa chai. Kalalamika, kapewa nyingine isiyo na maziwa." Darasa likaanza kucheka. Mimi nikabana midomo. "Na nyayo hizi, subhanallah! Jamani, tazameni. Mwanamume wa watu ataamka asubuhi adhani kaoa mtumbwi, atafute kasia!"

Nikacheka. Sikutaka, ila kicheko kilinitoka chote, na mguu ukalegea, na bibi akavuta mtandio mara moja tu. Furungu likatua kwenye mapaja yake, zima, linang'aa kwa mafuta ya nazi. Akalifuta, akaligeuza kwenye mwanga kutafuta mkwaruzo. Hakuuona. Ndipo akanipiga kofi mguuni, kofi la haki kabisa.

Sijui yule bibi yuko wapi sasa. Muuzaji wa kava hamjui. Anasema masonara walihama mmoja mmoja, na makumbusho yakafungwa. Nilisikiliza kidogo pale mlangoni nikidhani labda kuta zimebakiza tik-tik, nikasikia mlio wa simu tu. Watu waliokuwa wanavifanya vijiko vyeusi kuwa vyeupe kwa ukwaju, na mtu wa kufungua furungu kwa kicheko. Nilidhani wangenisubiri nikue.

Jioni ya siku ile ya furungu, mwalimu alikuwa ameshampigia mama simu kabla hatujafika Lugoba. Nilijitungia uongo wa aina tatu njiani. Nikabisha hodi, soksi moja imelowa mafuta. Mama alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni, hana hata dalili ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akanitazama kuanzia juu mpaka kwenye soksi, akasema:

"Karibu nyumbani, bi harusi. Vyombo viko nyuma, na mama mkwe wako hapendi sufuria lenye masizi."