Nakala Tatu za Bi Kaboni

Bi Kaboni hakuwahi kuandika kitu mara moja. Miaka yote aliyokaa kwenye chumba cha wapiga chapa, ofisi ya serikali yenye madirisha yasiyofunguka, karatasi alizipachika mashineni kwa mtindo uleule: nyeupe, kaboni, nyeupe, kaboni, nyeupe. Nakala ya juu ya mkubwa, ya kati ya faili, ya chini ya droo yake mwenyewe, kwa sababu mkubwa hupoteza na faili huliwa na panya. Vidole vilikuwa vyeusi mpaka wenzake wakambatiza jina, nalo likamganda kuliko wino. Wakubwa walikuja na kuondoka, wakipoteza barua kama watoto wanavyopoteza kofia, na hakuna aliyekwenda kwenye ile droo akarudi mikono mitupu.

Kisha chumba kikafungwa. Mashine zikauzwa kwa kilo, na Bi Kaboni akaagwa kwa soda, hotuba ndefu na laptopu. Akaifunika kitambaa cha meza, akaiangalia wiki nzima kama mkwe asiyeeleweka.

Aliyemfungulia njia ni mumewe, dereva wa treni mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva hata baada ya kuacha reli.

"Mama watoto," alisema, "wewe umewaandikia wezi wote wa ofisi ile. Niandikie na mimi basi."

"Uandikiwe nini, ombi la likizo?"

"Kitabu. Maisha yangu ya reli."

Tusidanganyane: kitabu kilikuwa kinachosha. Sura ya nne ilifika na treni bado haijatoka stesheni ya kwanza, maana Dereva alikuwa hajamaliza kueleza breki. Lakini kila alasiri alivaa shati safi, akaketi kibarazani, akasema, naye Bi Kaboni akapiga chapa kwa kasi ileile ya zamani. Wakimaliza, alihifadhi kazi kama alivyofunzwa na kaboni. Alitengeneza folda tatu, akaziita Mkubwa, Faili na Droo. Kila ukurasa aliunakili mara tatu. Picha na video za wajukuu, ambazo binti yao alituma kwa fujo, nazo mara tatu. Akiba haiozi.

Siku moja Dereva aliinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka. Kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto, macho, na sauti moja isiyofika kuwa neno. Mwanamume aliyekuwa akikemea, stesheni nzima inanyamaza, sasa alinyweshwa uji kwa kijiko.

Kilichobaki kwake kilikuwa kile kitabu. Kila alasiri mkewe alimsomea ukurasa, naye alifumba macho, vidole vya kushoto vikisukuma kitu kisichoonekana. Mkewe akiruka mstari ili amalize haraka, kidole kilinyanyuka: rudi. Kwa saa ile moja alikuwa mtu mwenye kauli.

Ndipo laptopu ilipoanza kulalamika. Nafasi imejaa, ilisema, na mstari mwekundu. Ikawa nzito kama punda aliyegoma. Bi Kaboni hakuwaza kugusa nakala zake hata kidogo, nakala haitupwi. Alifungua palipoonyesha nani kakalia nini, akakuta sehemu kubwa imeandikwa "mfumo".

"Dereva, humu ndani kuna mpangaji," alimwambia mumewe. "Kajitwalia chumba kizuri, wala sikumbuki kumkaribisha."

Dereva alitoa ile sauti yake. Ilikuwa kicheko.

"Leo anahama."

Laptopu ikamwuliza kama ana hakika. Ikauliza tena. Ikataka nywila. Mtu aliyeishi na wakubwa hababaishwi na maswali. Alibonyeza ndiyo kila alipoulizwa. Mafaili mengine yakagoma, mengine yakaondoka. Asubuhi yake laptopu haikuwaka, ikabaki na kioo cheusi na maandishi meupe asiyoyaelewa.

Aliifunga kwenye kitambaa, akaipeleka kwa fundi wa kompyuta, dada mmoja mwenye kibanda nyuma ya duka la vioo. Fundi aliiangalia, akapumua.

"Mama, umefuta mfumo."

"Si alikuwa kajaza nyumba?"

"Mfumo si mpangaji, mama yangu. Ndio nguzo na paa. Hapa lazima niweke mpya, na nikiweka, vyote vilivyomo vinafutika. Naweza kuanza kuvitoa vitu vyako, ila utaniachia mpaka keshokutwa. Au nakala unazo?"

Bi Kaboni akajinyoosha. Hakuna aliyemwuliza swali hilo tangu chumba kile kifungwe.

"Mimi? Nakala ninazo tatu tatu, binti yangu. Za kila kitu."

"Wallahi? Laiti wateja wote wangekuwa kama wewe. Wengi wanakuja hapa kulia."

"Basi usijisumbue kutoa. Mzee ananisubiri, nataka nimsomee leoleo."

Fundi akafuta. Bi Kaboni alikaa kwenye kigoda, akitazama asilimia zikipanda, akitafuna ile sifa taratibu kama pipi.

Alipokabidhiwa, laptopu iliwaka upesi, safi, kama nyumba iliyohamwa. Akatafuta Mkubwa. Akatafuta Faili. Akatafuta Droo.

"Nakala zangu umeziweka wapi?"

"Zako ziko kwako, mama. Si kwenye flashi? Kwenye diski ya nje?"

"Zilikuwa humu."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

Fundi alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Mama, nakala zikilala kwenye diski moja zinakufa siku moja. Flashi moja tu ungeitia kabatini..." Alihangaika na programu zake mpaka kibanda kikawa joto kama tanuri, akaokoa picha ya mjukuu iliyokatika kichwani na nusu ukurasa wa maelezo ya breki. Alikataa malipo. Hilo ndilo lililomuuma Bi Kaboni zaidi, maana malipo hukataliwa msibani.

Nyumbani, Dereva alikuwa tayari kibarazani. Jirani alishamvalisha shati safi.

Mkewe aliketi, akafungua laptopu, akatazama kioo kitupu. Akajiambia atasema kwa kichwa. Si aliyaandika yote kwa mikono yake? Lakini mpiga chapa hodari hasikilizi. Maneno huingia sikioni, hutoka vidoleni, kichwani hayaweki hata mkoba. Ndoa nzima, na mwaka mzima wa kitabu, na alichokumbuka ni kwamba palikuwa na treni.

"Sura ya kwanza," alianza. "Nilikuwa kijana nilipo... nilipopanda treni mara ya kwanza. Ilikuwa asubuhi nzuri sana."

Kidole kikanyanyuka.

"Ilikuwa asubuhi ya... ya baridi."

Kidole hakikushuka. Dereva alifumbua macho, akamtazama mkewe, akakitazama kioo cheupe, akamtazama tena. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, polepole, akaifunga ile laptopu.