Albamu ya Kokoto Bendi Kwenye Hitima ya Kaka

Aibu hii niliifanya mwenyewe, mbele ya wazee wa Kiwalani, nimevaa kanzu safi, kwenye hitima ya arobaini ya kaka yangu Sudi, na sitasema shetani alinipitia kwa sababu nilipanga.

Mie na Sudi tulikuwa wapenzi wa Kokoto Bendi, vijana wanne wa Mtoni wasio na kampuni wala meneja, wanaorekodia chumbani magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani, na albamu yao ya pili tuliingoja miaka mitano (Sudi alikuwaga anawauliza kila wakimaliza kupiga, wanamjibu "inaiva, braza"). Ikatoka asubuhi ileile ya hitima. Ningeweza kusubiri wageni waondoke, lakini nikaona aliyeingoja na mie hayupo tena, acha nimsikilizie wimbo mmoja tu. Nikachomeka eafoni moja isiyo na waya, sikio la upande wa ukutani, nikashusha kofia.

Wimbo mmoja ukawa nyimbo tatu. Na niseme kweli, ile albamu ni kali. Gitaa linaingia taratibu bila kujionyesha, mwimbaji amekomaa, hapigi tena kelele pale anapoweza kunong'ona, na wimbo wa tatu ulinishika kifuani hadi nikasahau nimekaa wapi. Wa nne ukaanza vizuri kuliko zote, halafu katikati wakaingiza ngoma za kompyuta zikalifunika gitaa lote, na mie, kwa mazoea ya kubishana na redio pamoja na Sudi, nikasema kwa sauti:

"Ah ah! Hapo umekosea!"

Aliyekuwa anatusomea Yasini ni Ustadhi Hamadi, mgeni mtaani, siku yake ya kwanza kuongoza kisomo kwetu, na wazee walikuwa wanampima kama wamwachie madrasa. Msomaji akikosea hurekebishwa palepale, si ugomvi. Basi akairudia aya polepole. Mie nimefumba macho, natikisa kichwa kwa hasira na zile ngoma. Akairudia tena, jasho linamtoka.

Mjomba Athumani, aliyekaa kuliani kwangu, akanibonyeza goti. "Mwambie basi amekosea wapi."

"Hata mie niliisikia imepinda," akadakia Mzee Kombo (ambaye alikuwa amesinzia, nilimwona).

"Si nilisema tumsubiri sheikh wetu apone?" akasema mwingine.

"Nirekebishe tu, kaka," Ustadhi akaniambia. "Hakuna ubaya."

Nikajaribu kukwepa. "Labda nimesikia vibaya, Ustadhi."

"Usimfichie!" akasema Mzee Kombo. "Kosa ni kosa!"

Nikamtazama yule mtu. Madrasa ilikuwa inamponyoka hivihivi, na mwenye kosa ni mie. Nikavua kofia, nikachomoa eafoni, nikaiweka kiganjani wote waione.

"Ustadhi hajakosea hata herufi. Nilikuwa namwambia mpiga ngoma."

"Mpiga ngoma gani?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama, nyuma ya pazia kwa wanawake.

"Wa Kokoto Bendi, mama."

Kuna mwanamke aliangua kicheko huko akajifanya anakohoa. Mjomba akaniuliza, taratibu kabisa, "Kwenye arobaini ya kaka yako?"

"Ndiyo, mjomba."

Ustadhi akajifuta uso, akaendelea pale alipoishia, na safari hii alisoma kama mtu aliyeshinda kesi. Baada ya dua Mzee Kombo mwenyewe akasema aanze madrasa Jumamosi. Angesema nini tena, na alishasikia kosa ambalo halikuwepo? Mie nilipewa sufuria zote za pilau nizisugue, na mama hakunisemesha hadi kesho yake.

Siku hizi nikienda kwenye kisomo simu naiacha nyumbani. Mdomo wangu ulikaribia kumkosesha mtu kazi, na hakuna albamu ya kufidia hilo, hata iwe nzuri kama ile. Na ile ni nzuri.