Sanduku la Bi Hamasaki

Kuwabara Seiji alikuwa mpakiaji wa masanduku kwenye mabasi yanayotoka uwanja wa ndege kwenda mjini Kanazawa. Kwa miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo bila kupoteza hata begi moja. Alivaa glovu nyeupe, alimuuliza kila abiria anashukia wapi, kisha alipanga mizigo ndani ya buti la basi kwa mpangilio wake: ya kushukia kituo cha treni mlangoni, ya kwenda mbele zaidi nyuma yake, na magurudumu yote yakitazama upande mmoja. Tuliomfahamu tulikuwa tukimcheka. Kwenye harusi ya mpwa wake alipanga upya viatu vya wageni wote pale mlangoni, na hakuna aliyemtuma.

Basi lilipoondoka, alisimama ukingoni, akainama, na hakuinua kichwa mpaka limalize kukata kona. Ndivyo tunavyoagana na abiria huku kwetu, na wageni huona ni heshima kubwa. Ni heshima kweli. Lakini sisi watu wa huku tuna ugonjwa mmoja, nao ni saa. Basi la saa nane na dakika kumi likiondoka saa nane na dakika kumi na moja, kuna mtu ataandika maelezo. Heshima na saa vikigongana, saa ndiyo hushinda, na atakayebisha basi hajafanya kazi uwanjani.

Miaka saba iliyopita, tarehe tisa Februari, theluji ilikuwa imejaa njiani na teksi zote zilikuwa zimekwisha mbele ya jengo. Basi la saa nane na dakika kumi lilifunga mlango. Kuwabara akainama. Akiwa ameinama hivyo, macho yakitazama ncha za viatu vyake, alisikia magurudumu ya sanduku yakija mbio nyuma yake juu ya vigae, kwa kishindo, na sauti ya mwanamke ikipiga kelele, "Jamani, ngojeni! Mwanangu!"

Basi lilikuwa halijatoka hatua kumi. Dereva huwa anamtazama mpakiaji kwenye kioo, na Kuwabara angeinua mkono tu, basi lingesimama. Hakuinua. Alikaza shingo akabaki ameinama kama asiyesikia, mpaka basi likakata kona. Alipoinuka hakugeuka nyuma. Alikwenda kupanga vitoroli, basi lililofuata akamwachia mwenzake. Jioni ile mkuu wake alimsifu mbele ya wenzake, kwamba hata siku ya theluji mabasi yote yametoka kwa wakati.

Siku arobaini na tisa baadaye, muda ambao huku kwetu matanga huisha, boksi la maandazi madogo ya maharage matamu lilifika kwenye dirisha la tiketi, limefungwa kwa karatasi nzuri. Kuwabara alikuwa nyuma anakunywa chai. Boksi likazungushwa, kila mtu akachukua lake, naye akachukua moja akalitia mdomoni. Ndipo Orie, mama wa dirishani, akaisoma kadi kwa sauti:

"Naomba radhi kwa kupaza sauti mbele yenu siku ile. Nilikuwa nawahi hospitali. Nilipofika na basi lililofuata, mwanangu Yasuhiko alikuwa amefariki dakika kumi na tano kabla. Kosa ni langu kwa kuchelewa. Hamasaki Toyoko, wa Fukuoka."

Basi lililofuata lilikuwa la dakika thelathini na tano baadaye. Hesabu hiyo Kuwabara aliifanya na andazi bado likiwa mdomoni. Alilimeza, maana kulitema mbele za watu hakuweza.

Tangu siku hiyo magurudumu yale hayakumwacha. Aliyasikia akioga. Aliyasikia akila, vijiti vya kulia vikasimama hewani, mkewe Fusae akamtazama. Pale kazini ndiko kulikuwa kubaya zaidi: yalimjia kwa nyuma juu ya vigae, yanakaribia, yanakaribia, akigeuka hakuna mtu, ni njia tupu na maji ya theluji. Fusae alidhani masikio yanazeeka, akamburuta kwa daktari. Daktari akapima, akasema masikio ni mazima, tena ya kijana.

"Sasa wewe unasikia nini?" Fusae alimuuliza wakirudi.

"Kazi tu," alijibu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini Kuwabara aliyaficha. Kwa nani angeyasema? Hakuna aliyemlaumu. Sheria ilisema mlango ukifungwa umefungwa. Hata aliyefiwa mwenyewe ameleta maandazi ya kuomba radhi. Mtu aliyeombwa radhi na yule yule aliyekosewa anakwenda kujishtaki wapi?

Mwaka uliofuata, tarehe ile ile, mama mmoja mfupi mwenye koti jeusi alisimama kwenye foleni ya basi la saa nane na dakika kumi, na sanduku la rangi ya damu ya mzee lililofungwa kwa mkanda. Kuwabara alipoyasikia magurudumu yake aligeuka, na safari hii palikuwa na mtu. Aliyajua, kama unavyojua kikohozi cha baba yako.

"Nashukia kituo cha treni," akasema yule mama. "Samahani, ni zito."

"Si kitu, mama."

Akalibeba. Lilikuwa zito kweli. Mama akapanda, akakaa dirishani, akawa anatazama nje. Kuwabara aliinama kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Akawa anakuja kila mwaka kwa kumbukumbu ya mwanawe, basi lile lile, sanduku lile lile, maneno yale yale: samahani, ni zito; si kitu, mama. Kuwabara hakukubali mwingine aliguse. Na kila mwaka, aliapa, lilizidi uzito. Mwaka wa nne alianza kuvaa mkanda wa kiuno.

"Si sanduku linalokua, Mzee Kuwabara," Orie alimtania. "Ni wewe unazeeka. Mchumba wako habadiliki hata nywele."

Wenzake walicheka, naye akacheka. Kila mwaka, kuanzia siku tatu kabla, alikesha akipanga maneno ya kumwambia, na kila mwaka hayakutoka, basi likaenda na mama wa watu, akabaki na mwaka mwingine wa kusikia magurudumu. Alijichukia kwa hilo kuliko kwa kosa lenyewe.

Mwaka huu hapakuwa na mwaka mwingine. Mwisho wa mwezi wa tatu Kuwabara angestaafu. Barua ilikuwa imeshakuja, na wenzake walishaanza kunong'onezana juu ya shada la maua. Asipomwambia leo, hatamwambia tena, na magurudumu yale atazikwa nayo.

Asubuhi ya tarehe tisa radi ilipiga juu ya bahari, ile radi ya majira ya baridi ambayo wazee wetu husema inawaita samaki wanono. Theluji ikaanguka kwa kasi. Saa saba na nusu ubao ulitangaza kwamba ndege ya Fukuoka inazunguka juu, na hali isipotulia itarudi ilikotoka.

"Mchumba wako yuko hewani anazunguka," Orie alisema kupitia tundu la dirisha. "Bado hajaamua kama anakutaka."

"Nyamaza, Orie."

Orie akashtuka. Miaka kumi na tisa hajawahi kunyamazishwa na Kuwabara. "Haya, mzee wangu, yamekuwa hayo?"

Kuwabara alikaza glovu zake. Alikuwa anatazama ubao, na kusema kweli nusu ya moyo wake iliomba ndege irudi. Irudi, na lawama iwe ya mbingu. Nusu nyingine iliomba itue, hata kwa tumbo. Saa nane na dakika mbili ikatua. Mabasi yakasogezwa mbele nusu saa kwa sababu ya theluji, na abiria wakatoka mmoja mmoja wakijikunja na baridi.

Bi Hamasaki alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekonda. Sanduku alilivuta kwa mikono miwili, anatembea kinyumenyume, anapumzika, anavuta tena. Kuwabara alimwendea katikati ya njia, jambo ambalo wapakiaji hawalifanyi, akalipokea.

"Kituo cha treni," akasema mama. "Samahani, ni..."

"Mama," Kuwabara akamkata. Sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Siku ile. Miaka saba iliyopita. Mimi ndiye niliyekuwa nimeinama pale."

Bi Hamasaki alipangusa theluji mabegani mwake.

"Nilikusikia. Magurudumu niliyasikia, na sauti yako nikaisikia. Ningeinua mkono dereva angesimama. Sikuinua. Si kwamba sikusikia, mama. Nilisikia nikakaa vile vile."

Dereva, Nomoto, akatoa kichwa dirishani. "Mzee Kuwabara, bado dakika moja."

"Najua," akasema Bi Hamasaki, na hakuwa anamjibu dereva. "Nilikiona kisogo chako. Mtu asiyesikia hakazi shingo namna ile."

Kuwabara alilitua sanduku chini.

"Yale maandazi ulikula?"

"Nilikula moja."

"Vizuri. Nilikuletea wewe. Nilitaka ule kwanza ndipo usomewe kadi, ila sikujua kama mtafanya hivyo." Alilisema kwa upole, kama anayeuliza bei ya mboga. "Hujajiuliza humu mna nini?"

"Nilidhani vitu vya kaburini."

"Maua na ubani nanunua huku huku mjini." Akainama, akafungua mkanda, akainua kifuniko kidogo. Ndani mlikuwa na mawe. Mawe ya mviringo, meusi, laini, yaliyofungwa kila moja kwa taulo: mawe ya kukandamizia achari ya mboga na chumvi kwenye pipa; huku kwetu kila nyumba ya zamani inayo. "Yasuhiko alipenda achari zangu za figili. Sasa hakuna wa kula, sitengenezi, na mawe yamekaa bure jikoni. Mwaka wa kwanza nilitia moja. Nikasema, hili alibebe yule mtu. Mwaka wa pili mawili. Leo saba."

Kuwabara aliyatazama. Kiuno kikamkumbusha kila mwaka mmoja mmoja. Kilichomshangaza ni kwamba hakuona uchungu wala hasira. Aliona nafuu, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa wake. Machozi yakamtoka mbele ya abiria wote wa Fukuoka, naye akayaacha.

"Kila mwaka nilikaa dirishani nikakuangalia unavyolibeba," mama akaendelea. "Uso wako ukiniambia limekuumiza, nalala vizuri hata wiki nzima. Usinione mtu mwema. Mtu mwema alikwisha na mwanangu."

"Mzee," Nomoto akaita tena, sasa kwa wasiwasi. "Muda umefika."

"Ngoja," akasema Kuwabara.

Dereva alitazama saa, akamtazama Kuwabara, akatazama saa. Orie alikuwa ametoka hadi nje, mkono mdomoni. Ndani ya basi watu walianza kugeuza vichwa. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na mlango ukabaki wazi.

"Sikuombi unisamehe," Kuwabara akasema. "Nilitaka tu ujue kabla sijaondoka. Mwisho wa mwezi wa tatu nastaafu."

Hapo ndipo uso wa Bi Hamasaki ulipobadilika. Maungamo yote hayakumtikisa, lakini neno hili lilimtikisa. Akashika mpini wa sanduku kama mtu anayetafuta pa kujishikilia.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani tu. Komatsu hapa."

"Na mimi?" Sauti ilimpasuka. "Mwakani nitamletea nani? Nimeketi jikoni mwaka mzima nachagua jiwe. Mume wangu alitangulia, Yasuhiko alikuwa mmoja tu. Hakuna mtu mwingine duniani anayeikumbuka siku ile ila mimi na wewe. Ukiondoka wewe, nitaibeba na nani?"

Kuwabara alivua glovu, moja, kisha ya pili, akazitia mfukoni. Alifunga mkanda wa sanduku taratibu, akakaza, akaliinua kwa mikono mitupu mpaka kifuani.

"Lete, mama," akasema. "Kazi itakuwa imekwisha, lakini tarehe tisa nitasimama hapa hapa. Nitakuja na nguo za nyumbani."

"Nitaongeza la nane."

"Ongeza."

Bi Hamasaki alimngoja alitie kwenye buti, akapanda ngazi ya basi, akageuka kabla mlango haujafungwa.

"Anaitwa Yasuhiko," akasema. "Ukilibeba, uwe unamtaja."